Kwa mpwa wangu anayevuka Rusumo kwa mara ya kwanza

Mpwa wangu,

Mbukwenyi. Dada yangu kaniambia umekabidhiwa kichwa na trela, na kwamba mzigo wako wa kwanza ni kontena la Kigali. Aliniambia akicheka, kisha akashusha sauti akauliza kama Rusumo, pale mpakani mwetu na Rwanda, ni mbali. Nikamjibu barabara ni nzuri, alale. Mengine sikumwambia. Hayo nakuandikia wewe, tena hadharani, kwa kuwa hapo kijiweni Kizota mko vijana kadhaa mnaosubiri safari kama hiyo, na kila mmoja anajifanya anaijua.

Huko kujifanya ndiko kulikoniponza. Nilivuka mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa ya usukani kati ya Dar na Mwanza, nikaona haya kuonekana mgeni. Pale kwenye maegesho akanijia kijana nadhifu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ananiita mkubwa. Lete karatasi nikuwahishie, foleni ndefu. Nikampa bahasha yote. Hakuiba kitu, usidhani. Alimpa mwenzake, mwenzake akaenda kula, nami nikashinda na kukesha nikimtafuta mtu ambaye hata jina sikumuuliza. Asubuhi wakaniuzia bahasha yangu mwenyewe kwa shilingi 30,000. Nililipa. Tajiri wangu hajui mpaka leo, labda asome hapa.

Kwa hiyo ugeni wako mwambie afisa aliye dirishani, mwambie dereva mwenye mvi aliyeegesha jirani yako, mwambie wakala wa forodha ambaye namba yake umepewa ofisini kabla hujatoka Dar. Vishoka wa getini wao waambie unamsubiri ndugu yako. Na bahasha ilale kifuani mwako, si kwenye dashibodi.

Karatasi za mzigo wakala atakuelekeza, sina haja ya kukuchosha. Lakini kuna kadi mbili za njano na zinawachanganya wengi. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo ni yako wewe mwilini. Nyingine ni ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; hiyo ni bima ya gari, ya kumlipa utakayemgonga ukiwa nchi ya watu. Nimemwona mtu akimwonyesha afisa wa afya bima, akashangaa kwa nini anachekwa. Ya chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiende kuchoma usiku wa kuamkia safari. Kama bado, nenda leo.

Njia unaijua mpaka Tinde, pale mnapoachana na wa Mwanza, wewe ukashika Isaka na Kahama. Mizani nayo unaijua: Nala, Njuki, Mwendakulima, na mbele kabisa Nyakahura. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inakomea tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, ila wanaokamatwa wengi jumla yao iko sawa, ni ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, iliyobeba kuliko wenzake. Gari lipime mapema ukiwa bado na mahali pa kulalamika.

Mlima Sekenke nadhani sina la kukufundisha. Shuka kwa gia, mguu wa breki uwe wa akiba. Nautaja kwa sababu ukivuka utakuta akina Sekenke wamepangana hadi Kigali.

Baada ya Benaco, pale palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi mwaka 1994, unateremka mtoni. Hapo kuna jambo litakushtua. Utapita majengo ya upande wetu, utapanda daraja la Kagera, na moyo utakudunda kwamba umetoroka nchi bila kugongewa muhuri. Hujatoroka. Rusumo ni kituo cha pamoja: unahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili kule unakoingia. Ukirudi, yote yanafanyika huku kwetu. Sisi tulisimama mara mbili, na daraja la zamani lilikuwa jembamba la kupita gari moja moja. Hili pana lilizinduliwa mwaka 2016, ninyi mmelikuta tu.

Ukitoka hapo, unaendeshea kulia.

Siku ya kwanza hutakosea. Utakuwa na hofu, macho kodo, utafuata trela iliyo mbele kama kondoo. Hatari iko kesho yake alfajiri, ukiamka na usingizi, barabara tupu, hakuna gari la kukukumbusha. Mkono unajiendea kushoto wenyewe. Mimi ilinitokea nikitoka kituo cha mafuta baada ya Kibungo, nikaenda kama mita mia hivi hadi mwendesha baiskeli akaingia mtaroni kunipisha, akabaki ameniangalia bila hata kunitukana. Afadhali angetukana. Tangu siku hiyo nilifunga kitambaa chekundu upande wa kulia wa usukani kila nikilala ng'ambo, na sikuwasha injini kabla ya kukigusa. Vijana walinicheka. Kifunge.

Na kipilefti cha kule si kipilefti! Unakizunguka kwa kulia, na anayetoka kushoto kwako ndiye wa kumtazama. Usukani wako uko kulia, kwa hiyo ukitaka kumpita mtu huoni kitu. Anayeona ni utingo. Mchague utingo asiyelala. Akisema bado, ni bado, hata kama wewe ndiye mkubwa wake. Kwa kweli milima ile, kama huna haraka ya kufa, usimpite mtu.

Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukimpigia mama yako saa tatu usiku ya huko, kwake ni saa nne na roho itamruka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi wananchi wanafanya kazi za pamoja, umuganda, na magari hayatembei ovyo mpaka saa tano. Tafuta mahali uegeshe, upike chai. Mifuko ya plastiki wameipiga marufuku tangu 2008, kwa hiyo kagua kabati la kichwa kabla ya daraja, hata ule mfuko unaofungia ndala. Kiswahili utasikilizwa, ni moja ya lugha zao rasmi. Salimia kwanza ndipo uulize, kama ungefanya Bahi.

Lifti usimpe mtu. Hata mama mwenye mtoto, hata mzee. Najua ni ukatili, na mimi ni mtu wa kuhurumia, lakini hujui karatasi zake, na akikamatwa ndani ya kichwa chako mnajibu wote.

La mwisho linanihusu. Kontena lako litafungwa lakiri ya kielektroniki, na kila unapopita watu wa forodha wanaona. Mzigo wa nje hauchepuki. Kwa hiyo ukifika Dodoma usithubutu kukata kona uje nyumbani kusalimia, hata kwa dakika tano. Dada amekasirika kidogo nilipomweleza, kisha akauliza unapita siku gani. Ukikaribia mjini nipigie. Tutakuwa Nala, ng'ambo ya mizani, na hotipoti ya ugali wa uwele na mlenda. Uje na njaa.

Mjomba wako