Mjomba, dereva wa gari la Mirihi yupo

Shikamoo Mjomba,

Siku ile ya ubarikio kule Mbagala uliniuliza mbele za watu: hilo gari la utafiti lililoko sayari ya Mirihi, ninaloliangalia kwenye simu kila asubuhi, dereva wake ni nani? Watu wakacheka, pilau ikaletwa, mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Mimi swali lako limebaki nami. Katika wote waliokuwa pale ni wewe uliyestahili kuliuliza, maana umepandisha mlima wa Kitonga na lori la mzigo wa Tunduma miaka na miaka, na hakuna anayejua kuliko wewe maana ya chombo kuharibika mahali pasipo na fundi. Nakujibu hadharani kwa sababu najua wapo wengine wenye swali hilohilo.

Dereva yupo. Tena si mmoja, ni timu nzima, na wanakaa Pasadena, California, kwenye maabara ya JPL inayofanya kazi za NASA, shirika la anga la Marekani. Ila usukani hawaushiki. Mirihi ikiwa karibu nasi, amri inayotumwa kwa redio huchukua kama dakika 3 kufika. Ikiwa mbali kabisa ni dakika 22, na jibu nalo lina safari hiyohiyo ya kurudi. Hebu fikiria unaona shimo mbele, unakanyaga breki, na breki inakuja kushika baada ya dakika 20. Kwa hiyo wanachofanya ni hiki: wanapokea picha za mahali gari lilipoegesha, wanachunguza kila jiwe na kila mteremko kwenye kompyuta, wanaandika safari ya siku inayofuata hatua kwa hatua, wanaituma, wanasubiri. Gari lao jipya zaidi, Perseverance, limepewa uwezo wa kujitazamia njia na kukwepa mawe lenyewe, lakini mwendo wake wa juu kabisa haufiki mita 160 kwa saa. Na siku ya kule inaizidi yetu kwa karibu dakika 40, kwa hiyo miezi ya mwanzo baada ya kutua, madereva hao huishi kwa saa za Mirihi: leo wakiingia kazini asubuhi, baada ya wiki tatu hivi wanaingia usiku.

Gari hilo lilitua tarehe 18 Februari 2021. Kwetu Dar ilikuwa saa sita kasoro dakika tano usiku. Nilikuwa macho hapa Tabata, simu mkononi, sauti nimeiweka chini nisiwaamshe watoto. Kushuka kulichukua kama dakika 7. Chombo kiliingia kwenye hewa ya Mirihi kwa kasi inayokaribia kilomita 20,000 kwa saa, kikafungua parachuti, kisha mtambo wenye injini za roketi ukalining'iniza gari kwa nyaya na kuliweka chini taratibu. Usiku ule habari zilikuwa zinachukua zaidi ya dakika 11 kufika duniani. Maana yake, walipotangaziwa kwamba chombo ndiyo kwanza kinaingia kwenye hewa, kule gari lilikuwa limeshafika chini, zima au limevunjika, na hakuna mtu duniani aliyejua ni lipi kati ya hayo mawili. Kwa dakika zile moyo ulinienda mbio kama vile aliyemo ndani ni ndugu yangu.

Sasa nije kwenye yale yatakayokugusa wewe.

Mwaka 2004 yalitua magari mawili mapacha, Spirit na Opportunity, kila moja upande wake wa sayari. Yalitengenezwa yafanye kazi siku 90. Mwaka 2006 gurudumu la mbele la kulia la Spirit likagoma kuzunguka. Ungekuwa wewe, ungekata matawi ukayatandaza barabarani, ukamtuma utingo mjini kutafuta kipuri. Wale walikaa wakafikiri, wakaamua gari litembee kinyumenyume, likiburuza gurudumu bovu nyuma yake. Likatembea hivyo. Na lile gurudumu lililokufa likawa linachimba mfereji kwenye udongo kila lilipopita, hadi mwaka 2007 mfereji mmoja ukafichua udongo mweupe chini ya ule mwekundu. Walipoupima wakakuta karibu wote ni silika, madini ya kutengenezea kioo, aina inayotengenezwa na chemchemi za maji moto au mvuke wa volkano. Kwa hiyo mahali pale palikuwa na maji na joto wakati fulani. Magurudumu matano mazima yalikuwa yanapita juu ya ule udongo bila kuugusa. Mjomba, habari hii nimeisoma mara nyingi na kila mara nasisimka upya.

Mwenzake Opportunity alikwama kwenye tuta la mchanga Aprili 2005. Madereva hawakukurupuka kukanyaga mafuta. Walichanganya mchanga wao kule California ufanane na ule wa Mirihi, wakaweka gari la majaribio humo, wakalikwamisha makusudi, wakajifunza namna ya kulitoa. Ndipo wakatuma amri, sentimita kwa sentimita, na likatoka mwanzoni mwa Juni. Likaendelea kutembea miaka mingine 13. Lilipokoma lilikuwa limetembea kilomita 45, kama kutoka Posta hadi kuipita Kibaha kidogo, na hadi wakati huo hakuna chombo chenye magurudumu kilichokuwa kimetembea umbali huo nje ya dunia hii. Spirit naye alikwama mwaka 2009, na kwa bahati mbaya magurudumu mabovu yakawa mawili. Hakutoka tena. Mawasiliano yake ya mwisho ni ya Machi 2010, miaka 6 baada ya kutua.

Kuna maneno yanasambazwa sana mtandaoni, eti Opportunity kabla ya kuzimika lilisema betri yake inaisha na giza linaingia. Napenda ujue ukweli wake. Gari halikuandika sentensi hiyo. Ni mwandishi wa habari aliyeyaweka kwa lugha ya kawaida yale aliyoelezwa na wanasayansi. Kilichofika kutoka Mirihi Juni 2018 ni vipimo tu: umeme umeshuka, na vumbi angani limezidi kiasi cha kufunika jua. Dhoruba ilikuwa imezunguka sayari nzima, na gari lile lilitegemea mwanga wa jua. Watu wake walituma amri zaidi ya elfu moja wakiliita, miezi minane, hadi Februari 2019 walipokubali kwamba basi. Kwangu hizo amri elfu moja zinauma kuliko sentensi yoyote ya kutungwa.

Na hili la jiwe utalipenda. Februari 2022 jiwe liliingia ndani ya gurudumu la mbele la kushoto la Perseverance na kugoma kutoka. Unazijua tairi za nyuma za lori, jiwe linavyobanwa katikati na kusafiri nawe hadi mkoa mwingine. Lile nalo lilibebwa zaidi ya mwaka, zaidi ya kilomita 10, na kila lilipoonekana kwenye picha sisi tunaofuatilia tulifurahi kama tumeonana na jirani.

Maana picha ni za wote. Hilo ndilo linalonishika kuliko yote. Zikishuka kutoka Mirihi, NASA huziweka wazi zikiwa mbichi, bila kusubiri wakubwa wazipambe. Mtu aliye kwenye daladala ya Gongo la Mboto, mwenye bando la kawaida, anaweza kuona jabali ambalo jana hakuna binadamu alikuwa ameliona. Nimeona jua la kule likizama na anga kuwa ya buluu kulizunguka, kwa sababu ya vumbi laini lililomo hewani. Nimeona kivuli cha helikopta ndogo ya kilo 1.8, Ingenuity, ikiruka kwenye hewa nyepesi mno, kama asilimia moja tu ya hewa yetu. Iliahidiwa safari 5, ikaruka 72, hadi panga zake zilipovunjika Januari 2024.

Na nimeona madoa ya chui. Julai 2024 Perseverance lilikuwa kwenye bonde ambalo zamani lilipitisha mto, likakuta jiwe jekundu lenye vidoa vyeupe vilivyozungukwa na ukingo mweusi, kama ngozi ya chui kabisa. Likalitoboa na kuhifadhi kipande. Septemba 2025 wanasayansi wakatangaza kwamba ndani ya vidoa kuna madini ambayo hapa kwetu mara nyingi hutokana na kazi ya vijidudu, ingawa yanaweza pia kutokea bila uhai wowote. Hawakusema wamepata uhai, na nawaheshimu kwa kujizuia hivyo. Jibu la uhakika litahitaji kipande hicho kiletwe kwenye maabara za duniani, na safari ya kukileta bado haijapatikana. Kimefungwa kwenye mrija wake, kinasubiri.

Mjomba, uliniuliza pia faida yake nini. Sina jibu la pesa. Najua tu kwamba nikitoka kwenye foleni ya Ubungo nimechoka, nikikuta wametoa picha mpya, uchovu unapungua, kwa sababu pale naona watu wakikilinda kwa subira kitu ambacho hawatakigusa tena maisha yao yote.

Kesho nitakutumia kwa WhatsApp picha za magurudumu ya Curiosity, lile gari lililotua Agosti 2012 na linalotembea mpaka leo. Ni ya aluminiamu nyembamba, na mawe makali yameyatoboa na kuyachana vibaya. Zitazame kwa jicho lako la kazi, ukuze picha vizuri, halafu nipigie. Nataka kusikia wewe ungeliendeshaje kwenye mawe yale.

Msalimie Mamkubwa na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako,
Tabata, Dar es Salaam