Kabla hujatangaza mrengo wako, kagua hesabu ya dodoso

Mhariri,

Siku hizi vijana wanarushiana kwenye makundi ya WhatsApp picha ya mraba wa rangi nne wenye nukta moja ndani, matokeo ya dodoso la siasa la mtandaoni, kisha wanaitana "mrengo wa kushoto" au "mtu wa mabavu" kana kwamba wametoka maabara na majibu ya damu. Naomba nafasi nieleze hesabu iliyo nyuma ya nukta hiyo. Ni ya kujumlisha tu, na pale watunzi walipoiweka wazi yeyote anaweza kuikagua.

Nianze na dodoso fupi la maswali 10, World's Smallest Political Quiz. Mchoro wake unatokana na wa David Nolan, mmoja wa waasisi wa chama cha Libertarian cha Marekani mwaka 1971. Lilitolewa mwaka 1985 na shirika la Advocates for Self-Government, lenye msimamo huohuo: serikali ijitoe kwenye maisha ya mtu na mfuko wake. Kauli 5 zinahusu uhuru wa mtu binafsi, 5 uchumi. "Nakubali" ina alama 20, "labda" 10, "sikubali" 0. Kila upande basi una alama 100, na ukibadili jibu moja tu kutoka kukubali kwenda kukataa, umesogea moja ya tano ya mhimili mzima. Hiyo inatosha kukubadilishia jina la kisiasa.

Pale katikati pana kasoro mbaya zaidi. Aliyejibu "labda" mara tano anapata 50. Aliyekubali kauli mbili kwa moyo wote, akakataa mbili vilevile na kusita kwenye moja, naye anapata 50. Mmoja hana rai, mwingine ana rai kali zisizoelekea upande mmoja, na wote wawili wanaambiwa ni watu wa kati.

Sasa soma kauli zenyewe. Katika toleo lililoenea kwa miaka mingi, zote kumi zimetungwa hivi kwamba kukubali ni kuelekea kwa Walibertari. Wanaotunga madodoso wanajua kwamba watu huelekea kukubali kauli wanayosomewa, hasa ikiwa hawajawahi kuifikiria. Ndiyo maana dodoso lililotungwa kwa uangalifu hugeuza takribani nusu ya kauli zake, ili kuzikubali kuelekee upande wa pili. Kipimo cha kulibaini ni rahisi: bonyeza "nakubali" mwanzo hadi mwisho bila kusoma. Dodoso lililosawazishwa litakuacha karibu na katikati. Hili litakupa 100 kwa 100, kileleni kabisa mwa Walibertari.

Isitoshe, ziliandikiwa Wamarekani. Kauli moja inataka pasiwe na kitambulisho cha taifa. Kwao hakipo, hivyo anayekipinga anatetea hali iliyopo. Mtanzania anayehitaji namba ya NIDA ili asajili laini ya simu anaweza kukubali kauli hiyo kwa kuchoshwa na foleni tu, akahesabiwa mpenda uhuru. Nyingine inataka utumishi wa jeshi uwe wa hiari: wao wanawaza kuitwa vitani, msomaji wa hapa atawaza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Alama ni ileile 20.

Ule mraba wa rangi nne ni wa Political Compass, ulioko mtandaoni tangu 2001. Una kauli 62 na majibu manne, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, bila la katikati. Kuondoa la katikati kunamzuia mtu kujificha, lakini asiyejua analazimika kubahatisha, na bahati yake inahesabiwa kama msimamo. Mhimili wa mlalo ni uchumi, wa wima ni mamlaka, kila mmoja kutoka -10 hadi 10. Watunzi hawajaweka wazi kila kauli ina uzito gani. Imo inayosema unajimu hueleza mambo mengi kwa usahihi! Imo pia ya kusikitikia kwamba maji ya kunywa yamegeuzwa bidhaa ya chupa yenye nembo. Mtu anayenunua chupa kwa kuogopa kipindupindu ajibu nini?

Kuna jambo ambalo wanaosambaza skrinshoti hawalijui. Alama mbili za matokeo huandikwa kwenye anwani ya ukurasa wenyewe. Zibadilishe kwa mkono, fungua upya, na mchoro unajichora kwa namba zako. Kwa hiyo picha inayodaiwa kuwa "matokeo ya mheshimiwa fulani" haithibitishi lolote.

Na tuseme hesabu ingekuwa safi. Mraba huo bado hauna pa kuweka hoja ya Muungano wa serikali mbili au tatu, iliyotutoa jasho tangu rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013. Mgombea binafsi hana mhimili, wala ugatuzi wa kaunti 47 za Kenya. Hayo ndiyo yanayotugawa huku.

Lipo la kuchunga pia upande wa taarifa zako. Dodoso la haiba la mtafiti Aleksandr Kogan kwenye Facebook lilijazwa na watu wapatao 270,000, lakini taarifa zilizochukuliwa ni za watu wanaofikia milioni 87, kwa sababu programu ilisomba na za marafiki zao. Zilifika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kampeni za siasa ambayo mkuu wake mmoja alirekodiwa kwa siri na Channel 4 ya Uingereza, ikatangazwa Machi 2018, akijigamba juu ya kazi yao katika chaguzi za Kenya za 2013 na 2017. Usiingie kwenye dodoso kwa akaunti ya Facebook au Google, na likidai namba ya simu ili kukuonyesha matokeo, lifunge.

Wajerumani wana chombo chenye nidhamu zaidi, Wahl-O-Mat, cha mwaka 2002, kilichoiga StemWijzer ya Uholanzi, iliyoanza kama kijitabu mwaka 1989. Kina kauli 38 za uchaguzi husika, na vyama vyenyewe hujibu na kutoa sababu. Ukilingana na chama ni alama 2, mmoja akiwa kati 1, mkipingana 0. Kauli unayoijali sana huzidishwa mara mbili, unayoiruka haihesabiwi. Hupewi jina, unapewa asilimia kwa kila chama. Hata hapo, kauli moja ni alama 2 kati ya 76, chini ya asilimia 3, kwa hiyo vyama viwili vilivyopishana asilimia mbili vichukulie kuwa sawa.

Gazeti lako linaweza kutunga la kwetu kabla ya uchaguzi ujao. Kauli 20 zatosha: tozo za miamala ya simu, bima ya afya kwa wote, umiliki wa ardhi, mgombea binafsi. Kila moja ibebe hoja moja tu, bila neno "na" linalofunga mbili pamoja. Majibu ya vyama yatolewe kwenye ilani, ukurasa utajwe, kisha vipewe wiki mbili kurekebisha. Chama kitakachokaa kimya kwenye kauli fulani kiandikwe "hakikujibu", kisiwekewe "kati".

Mwalimu wa takwimu,
Morogoro