Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mapato ya Podikasti Zetu na Michango ya Wasikilizaji, 2025

Ndugu wanachama,

Awali ya yote nawashukuru mliofika, hasa mliotoka Kibaha na Bagamoyo alfajiri ili kuwahi kikao. Shughuli za kawaida za mwaka mnazifahamu na sitawachosha nazo: mafunzo ya kuhariri sauti yalifanyika mara mbili, maikrofoni mbili zilinunuliwa na moja ikatengenezwa, na kipindi chetu cha pamoja kilitoka kila Ijumaa, isipokuwa wiki tatu za Ramadhani ambazo kamati iliafiki mapumziko.

Nitasema zaidi juu ya uamuzi wa Machi, kwa kuwa umejadiliwa mno kwenye kundi letu la WhatsApp na kidogo sana kikaoni. Kwa pendekezo langu, kamati iliacha kuviweka vipindi vya ziada kwa wenye kulipa kwa kadi pekee, ikavifungua vyote kwa kila mtu, na ikaanza kupokea michango ya hiari kwa Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu. Wapo walioandika kwamba mwenyekiti amegawa bure jasho la wenzake. Maneno hayo yaliniuma, na naomba niyajibu kwa hesabu.

Katika miezi minane ya malipo ya kadi tulipata wasikilizaji 11 tu waliojiunga, wanane kati yao wakiishi Uingereza, Oman na Marekani, na baada ya makato tulibakiwa na shilingi 214,000. Msikilizaji wetu wa Gongo la Mboto hana kadi ya kulipia mtandaoni, lakini ana simu yenye shilingi elfu mbili. Njia nyingine nilizitazama moja baada ya nyingine kabla sijaleta pendekezo, na hata leo hazijawa nafuu kwetu. Apple, kupitia programu yake ya podikasti, huchukua asilimia 30 ya malipo ya mwaka wa kwanza wa kila aliyejiunga na asilimia 15 baada ya hapo, mbali na dola 19.99 ambazo mtayarishaji hulipa kila mwaka. Patreon, tovuti ambayo mashabiki huwachangia watayarishaji, tangu Agosti 2025 huwatoza watayarishaji wapya asilimia 10, na gharama za kupokea malipo ziko pembeni. Mpango wa Spotify wa kugawana mapato ulianza Januari 2025 kwa nchi nne, nazo ni Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. YouTube hugawa asilimia 55 ya mapato ya matangazo, lakini mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, nasi kazi yetu ni ya sauti.

Waliosema tungesubiri mdhamini wazingatie kwamba mdhamini hulipa kwa kila upakuaji elfu moja. Kipindi chetu hupakuliwa mara 1,400 hivi, kwa hiyo hata tukilipwa dola 20 kwa kila elfu, tutapata dola 28 za kugawana watu sita walioandaa kipindi. Isitoshe, wasikilizaji wetu wengi hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Yuko mama mmoja fundi cherehani ambaye kila Ijumaa hutuma shilingi 1,000, kisha hunieleza kwa ujumbe amefika dakika ya ngapi kabla mteja hajamkatiza. Nilipomuuliza anasikilizia wapi, alijibu kwamba faili hurushwa kwenye kundi lao la kikoba. Faili linaloruka hivyo kutoka simu hadi simu halihesabiwi kuwa upakuaji, na kwa mdhamini mama huyo hayupo. Kwetu yupo, na analipa.

Kwa sababu hiyo narudia ombi ambalo watangazaji wetu wamelisahau tena: mwishoni mwa kila kipindi msikilizaji aombwe kutuma kiungo badala ya faili, aandike maoni yake kwenye programu anayotumia, na asomewe Lipa Namba taratibu, mara mbili. Ijumaa ambazo namba haikusomwa, daftari langu la michango lina mistari mitatu au minne tu. Tangu Aprili hadi Desemba tumepokea shilingi 1,912,000 kwa miamala 743.

Kuhusu Lipa Namba kuandikishwa kwa jina langu kuanzia Aprili hadi Julai, sikuficha jambo. Cheti cha usajili wa chama kilikuwa hakijatoka, hakuna mjumbe mwingine aliyekubali kubeba dhamana hiyo, na nilibeba mimi. Kila muamala niliunakili kwa mkono usiku uleule, na tarehe 4 Agosti nilimkabidhi mweka hazina shilingi 611,000 kwa stakabadhi. Daftari lipo mezani na yeyote alifungue.

Inasikitisha kwamba kikao cha Machi kilichopitisha uamuzi huo kilihudhuriwa na wanachama 19 kati ya 46, na waliolalamika zaidi hawakuwemo. Kikao cha Septemba, nilichokiitisha mahususi kwa ajili yao, kilikuwa na watu 12 na kikaahirishwa kwa kukosa akidi, ilhali ukumbi tulikwisha kuulipia.

Ada nayo ni hivyo hivyo. Kati ya shilingi 2,760,000 zilizotarajiwa zimekusanywa 1,290,000: wanachama 17 wamelipa yote, tisa wamelipa nusu, na 20 hawajalipa hata senti. Yaani wasikilizaji, wasiodaiwa chochote, wameichangia kazi hii kuliko sisi wenyewe. Gharama za kuhifadhi vipindi mtandaoni kwa miezi miwili nililipa kutoka mfukoni mwangu, nami sijadai kurejeshewa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata chumba cha kurekodia kisichopitiwa na kelele za bodaboda, na kuwatafutia ndugu zetu walioko Oman, Uingereza na Marekani njia nyepesi ya kuchangia, kwa kuwa wale wanane waliokuwa wakilipa kwa kadi hawajapata mbadala na wameniuliza mara kadhaa.

Mweka hazina atakaa mlangoni hadi saa nane mchana. Wenye madeni ya ada wamwone kabla ya kura, kwa kuwa katiba yetu haimruhusu mdaiwa kupiga kura.

Mwenyekiti