Fungu langu liko wapi?

Swahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali, ingawa kwa jinsi ulivyonishukia katika barua yako ya mwisho naona afya unayo tele.

Umeniandikia kwamba kumgawia kila raia pesa za mafuta na madini ni kuwazoesha watu uvivu, na kwamba pesa hizo ni za barabara na hospitali. Nusu ya maneno yako nayakubali. Nitayafikia.

Kwanza Alaska, lile jimbo la Marekani. Najua utaguna, maana kila anayeitetea hoja hii hukimbilia huko. Lakini hebu tazama walikoanzia. Mafuta yaligunduliwa Prudhoe Bay mwaka 1968, na mwaka uliofuata jimbo likauza haki za uchimbaji kwa takriban dola milioni 900. Zikatumika zote. Sisemi ziliibwa, zilitumika tu, na mengine yaliyofanywa nazo yalikuwa ya maana kabisa. Ila baada ya miaka michache wananchi wengi wakajikuta wanauliza zimekwenda wapi. Ndipo mwaka 1976 wakapiga kura kubadilisha katiba yao: angalau asilimia 25 ya mrabaha wa mafuta na madini, yaani malipo ya wachimbaji kwa jimbo, iingie kwenye mfuko wa kudumu, mtaji usiguswe, zitumike faida zake tu. Mwaka 1982 likatoka gawio la kwanza, dola 1,000 kwa kila mkazi, mtoto mchanga sawa na mzee. Awali walitaka aliyeishi pale miaka mingi apewe zaidi ya mgeni, lakini Mahakama Kuu ya Marekani ikaupiga chini mpango huo.

Sasa sikiliza linalonivutia mimi. Gavana wa wakati huo, Jay Hammond, hakuwaza tu kuwaondolea watu shida. Alitaka kila mtu awe na kitu chake ndani ya ule mfuko, ili mwanasiasa akiupelekea mkono, apige kelele kila mwenye fungu. Na walipiga kelele kweli. Mwaka 1999 wananchi waliulizwa kama sehemu ya mapato ya mfuko itumike kuendesha serikali, na asilimia 83 hivi wakasema hapana.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bajeti ya taifa ni daftari, ndiyo, lakini ni wangapi wanaoifungua? Mtu asiyejua bilioni ina sifuri ngapi anajua vizuri kwamba mwaka jana alipata kiasi fulani na mwaka huu amepata pungufu. Hapo tayari ana swali, na halihitaji shahada ya uchumi.

Kuhusu uvivu nitakuwa mfupi. Watafiti wawili, Damon Jones na Ioana Marinescu, waliipima Alaska kwa kuilinganisha na kwingine. Waliona watu hawakuacha kazi, ila waliofanya kazi za saa chache waliongezeka. Na mbona mtoto wa tajiri akirithi majumba hatumwambii atazembea?

Haya, nusu yako. Ni kweli kugawa pesa kunaweza kuwa balaa. Mongolia vyama viliingia kwenye uchaguzi wa 2008 vikishindana kuahidi pesa za migodi. Wakaja kulipa kila raia tugrik 21,000 kwa mwezi, huku sehemu kubwa ya fedha ikiwa ni ya kukopa kwa kutegemea madini ambayo bado yalikuwa ardhini. Kufika 2012 mpango umekwisha, deni limebaki. Iran nao, Desemba 2010, waliondoa sehemu kubwa ya ruzuku ya mafuta na mkate, wakaanza kumlipa kila mtu rial 455,000 kwa mwezi. Walianza kwa akili: pesa ziliingizwa kwenye akaunti kabla bei hazijapanda, watu wakaziona kwa macho. Lakini kiasi hicho kikaachwa vilevile miaka nenda miaka rudi, mfumuko wa bei ukakitafuna hadi kikawa cha kuchekwa.

Hata Alaska yangu ina kidonda. Mwaka 2016 bei ya mafuta imeanguka, gavana akalikata gawio karibu nusu, na tangu hapo kila mwaka ni mzozo bungeni. 2022 watu walipata dola 3,284 pamoja na nyongeza ya kuwapunguzia gharama za nishati. 2025 wakapata 1,000. Elfu ileile ya 1982! Unaona sikufichi kitu.

Utanirudia na Norwei, najua, ambao wana mfuko mkubwa kuliko wote na hawamgawii raia hata senti. Lakini Norwei walikuwa na serikali inayotoza kodi na kuulizwa maswali kabla hawajaona tone la mafuta. Penye mazoea hayo, sawa, jenga hospitali. Taabu ni pale serikali inapopata riziki yake kisimani bila kumtoza mtu kitu. Serikali ya namna hiyo itamwogopa raia kwa lipi? Kwa hiyo mimi ningelipa kila mtu fungu lake, kisha serikali irudi kutoza kodi kwenye hizohizo pesa ili ijenge barabara zako. Zitapungua njiani, utasema. Zitapungua, lakini zitakuwa zimepita mikononi mwa mwenyewe, na anayekutoa kitu mfukoni lazima akueleze kinakwenda wapi.

Kuna jambo moja tu linaloninyima usingizi. Fungu la mtoto. Alaska hupewa mzazi kwa niaba yake, na mara nyingi huenda kwenye mahitaji ya nyumba. Mimi nashawishika litunzwe mpaka akue, lakini mtoto mwenye njaa leo hatashiba akiba ya miaka kumi na minane. Wewe ni mzazi, mimi bado. Nijibu hilo kwanza, uvivu tutaurudia baadaye.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, mbishi wako wa siku zote