Mahindi ya kwenye makaratasi

Kamwene kaka,

Huku Uyole wote wazima, baridi tu ndo inatumaliza. Leo tumepukuchua mahindi toka asubuhi na muda wote nikawa nawaza maneno yako ya siku ile stendi Mafinga, kwamba chama kimoja kingeshika nchi, mashamba na viwanda vyote viwe vya serikali, maendeleo yangekuja fasta, ukanitolea mfano wa Wachina waliojenga TAZARA. Reli naikubali kabisa, babu alifanya kibarua pale na mpaka anafariki aliwasifia. Lakini kaka, kwao wenyewe mwaka 1958 kilitokea nini?

Mao, kiongozi wa China, aliwaingiza wakulima kwenye komuni, yaani mashamba ya pamoja, shamba si lako tena, mnakula kantini ya pamoja, hata masufuria ya nyumbani yakabebwa yakayeyushwe yawe chuma. Sasa hapa ndo pananiuma. Kiongozi wa kijiji akiandika mavuno kidogo anaonekana mpinga chama, basi anaongeza, na wa wilaya anaongeza, mpaka ikifika Beijing ni mlima wa nafaka, halafu serikali inakuja kuchukua fungu lake kwa hesabu ya karatasi. Yaani umevuna gunia 10, imeandikwa 30, wanachukua theluthi. Unabaki unafagia sakafu, mbegu yenyewe huna. Kukimbilia mjini nako shida, makazi yanaandikishwa na wa kijijini hana kadi ya chakula ya mjini.

Mwaka 1959 waziri wa ulinzi, Peng Dehuai, akamwandikia Mao barua kwamba takwimu zimetiwa chumvi. Waziri mzima! Akavuliwa cheo, nani tena afungue mdomo? Njaa ikaendelea mpaka kama 1962, wanaohesabu wanasema walikufa watu kati ya milioni 15 na 45, na nafaka ilikuwa inauzwa nje wakati huohuo.

Ukraine chini ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, ilikuwa vilevile, sheria ya Agosti 1932, ukiokota masuke shamba la pamoja ni risasi au miaka 10.

Aliyeshika ghala ndo kashika polisi, gazeti na mahakama, ukipunjwa debe moja unalalamika kwa nani? Mimi juzi dalali kataka lumbesa, gunia lijazwe kupita kipimo, nikapakia gunia zangu nikampelekea mwingine, yakaisha.

Debe zako mbili nimezitenga kwenye kihenge cha mama, njoo mwezi wa nane tubishane vizuri.