Barua kwa kaka anayerudi ulingoni na miaka 39

Shikamoo kaka,

Nimesikia umesaini pambano la ngumi la raundi 10 Dar es Salaam, na kwamba umerudia ratiba yako ya zamani: kilomita 12 za lami kila alfajiri kuelekea Usa River, sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, halafu koti la nailoni la kutoa jasho wiki ya mwisho. Ratiba hiyo ilikufaa ulipokuwa na miaka 25. Sasa itakumaliza kabla kengele haijalia. Naandika hadharani kwa kuwa hapa Arusha na kule Moshi hauko peke yako.

Ngumi yako bado ipo. Nguvu ya mkono ndiyo ya mwisho kumuaga bondia. George Foreman alikuwa na miaka 45 alipomwangusha Michael Moorer raundi ya 10, Novemba 1994, na alikuwa nyuma kwa pointi. Kilichoondoka kwako ni mguu. Nyuzi za misuli za kasi hukonda na kupungua kuliko zile za ustahimilivu, kwa hiyo saa nzima ya kukimbia bado unaimudu, lakini ile nusu hatua ya kujitoa mbele ya ngumi inachelewa. Ndiyo maana siku hizi unapigwa ngumi ulizokwisha kuziona.

Hapo mtindo ndio unaoamua nani atadumu. Roy Jones Jr. aliishi kwa wepesi: mikono chini, kichwa anakivuta nyuma ngumi ikiwa karibu kabisa kumfikia. Mei 2004, akiwa na miaka 35, Antonio Tarver alimlaza raundi ya 2. Bernard Hopkins, aliyetegemea umbali, kinga na kumshika mpinzani, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2011 akiwa na miaka 46. Kaka, nisamehe, wewe ni wa upande wa Jones. Mkono wako wa kushoto ukishapiga hurudi kiunoni. Mwambie mwalimu wako akuchape shavuni kwa pedi kila usipourudisha juu. Piga mbili au tatu, kisha toka hatua moja pembeni. Ukirudi kinyumenyume kwa mstari mnyoofu utafika kwenye kamba, na kwenye kamba miguu yako haina tena haraka ya kukutoa. Ukichoka, mshike, zibane mikono yake yote miwili, usubiri mwamuzi awatenganishe.

Lami punguza. Kilomita nyingi za mwendo mmoja zinachosha magoti na hazikurudishii kasi. Tafuta njia ya udongo inayopanda, kama zile za kwenda Ilboru: kimbia kwa nguvu zote sekunde 20, shuka ukitembea, rudia mara 8. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, ukiacha siku mbili hadi tatu katikati, kwa sababu mwili wako sasa hauponi kwa usiku mmoja. Moyo nao umebadilika. Kwa makadirio ya kawaida, 220 toa umri, mapigo yako ya juu kabisa yalikuwa kama 195 ukiwa na miaka 25. Leo ni kama 181. Ndiyo maana ile dakika moja ya kukaa kwenye kigoda kati ya raundi haikurudishi kama zamani.

Sparingi ndiyo inayonitia hofu kuliko pambano lenyewe. Vijana wa gym wanataka kujijengea jina kwako. Ubongo hausahau makonde ya mazoezini, nao hupungua ukubwa kadiri mtu anavyozeeka. Mishipa midogo kati yake na fuvu inavutika, na kuchanika kwake kunakuwa rahisi. Fanya mara moja kwa wiki, glovu za aunsi 16, raundi 4 hadi 6, na mwenzako apewe kazi maalumu: leo akubane kwenye kona tu, wiki ijayo apige mwili tu. Ya mwisho iwe siku 12 kabla ya pambano. Kichwa kikiuma baada ya sparingi, ulimi ukiwa mzito, au ngumi nyepesi ikikuyumbisha, acha siku hiyohiyo ukamwone daktari wa mishipa ya fahamu. Usimeze dawa ya maumivu ukaendelea.

Uzito. Unatembea na kilo 81 na unataka kupanda mzani na 72.5. Ukizitoa kilo nyingi wiki ya mwisho kwa jasho na kiu, figo zinaumia na unaingia ulingoni umekauka, kidevu kimelegea, hakihimili ngumi. Shusha nusu kilo kwa wiki kuanzia sasa, au omba pambano la kilo 76. Mimi ningeomba 76. Halafu usifike Dar kwa basi jioni ya kuamkia kupima uzito. Hapa tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna ubaridi. Joto la pwani linataka siku 7 hadi 10 mwili uzoee.

Usiku wenyewe, pasha mwili dakika 30, si 10, uingie ukiwa na jasho. Bondia wa umri wako akiingia baridi, raundi ya kwanza inaweza kumdondosha.

La mwisho ni taulo, ile ambayo watu wa kona yako huirusha ulingoni kusimamisha pambano. Mwaka 1980 Muhammad Ali, miaka 38, alionekana mwembamba na kijana kwenye picha. Dhidi ya Larry Holmes ilibidi mwalimu wake, Angelo Dundee, asimamishe pambano baada ya raundi ya 10. Kwa hiyo usijipime kwa kioo. Keti na kona yako kabla ya safari, mkubaliane: miguu ikipishana unaporudi nyuma, mkono usiporudi shavuni raundi mbili mfululizo, au ukishindwa kujibu hii ni raundi ya ngapi, wanarusha. Waambie mbele ya shemeji, ili usiku ule usije ukawakatalia.

Kuanzia Jumatatu nitumie kilo zako za asubuhi, kabla ya chai.

Mdogo wako