Kwa wanachama wapya wa AMCOS yetu, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho

Marahaba wanangu,

Nimesikia mmechagua bodi na kufungua akaunti, mnasubiri msimu wa Oktoba. Hongereni. Mimi nimekaa sana kwenye mizani ya korosho hapa Newala, kwa hiyo mnivumilie nikiongea kama karani.

Mtaambiwa adui wa chama ni kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho kwa siri nje ya chama. Ananyonya, sikatai. Ila jiulizeni anakuja lini. Haji Novemba mnada ukiwa umechangamka. Anabisha hodi Julai na Agosti, mikorosho iko kwenye maua, dawa ya salfa inatakiwa kupulizwa kabla ugonjwa wa ubwiri unga haujaingia, unga wa ugali umekwisha ndani, na mtoto wa bweni anadaiwa. Anatoa hela mkononi usiku huohuo, korosho atazidai baadaye, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Akikamatwa mmoja, wiki ijayo wako wawili.

Zibeni anapopitia. Mkutano mkuu upige kura, kila kilo ikatwe shilingi chache ziingie kwenye mfuko wa akiba na mikopo wa wanachama wenyewe. Mikopo iwe midogo: salfa, debe la mahindi, ada. Ikiwa mikubwa, bodi itakopeshana yenyewe, hilo msinibishie. Na jina la kila aliyekopa lisomwe mkutanoni, akiwemo mwenyekiti.

Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka mzigo ghalani, kupewa risiti na kulipwa baada ya mnada, ilipoanza kwenye korosho mwaka 2007, wengi walinung'unika: mazao yanakwenda ghala kuu, hela inasubiri mnada. Kusubiri kunavumilika kama mtu anajua anasubiri nini. Kinachomchosha ni makato asiyoyaelewa. Basi bandikeni ukutani kabla msimu haujafunguliwa: cha chama shilingi ngapi, cha chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi ngapi, ghala, usafiri, magunia. Tarakimu kubwa, zisomeke bila miwani.

Siku ya kupima, mwenye mzigo asimame aone namba, uzito wa gunia utolewe mbele yake, aandikiwe karatasi palepale. Karani akisema "nitakuandikia kesho", gunia lisishuke kwenye mizani.

Wazee wenzangu hupenda kulaumu serikali kwa kuvunja vyama vikuu mwaka 1976. Kosa lilikuwepo. Lakini sheria ya ushirika ya 1982 iliporuhusu vyama virudi, wakulima wengi waliona wameletewa kitu cha juu, wakakaa pembeni kama wageni harusini. Msikae hivyo. Hesabu za ukaguzi zikiletwa, mziulize hata kama swali lako unaliona la kijinga.

Jambo la mwisho ni daftari la wanachama. Wengi wanaookota na kuanika korosho ni wanawake, majina yaliyojaa humo ni ya waume zao. Fomu ziko kwa katibu. Mkeo achukue yake mwezi huu, ili mkutano wa bajeti ukiitishwa naye ainue mkono.

Mzee wenu